Ambari, kaharabu na fuwele za maabara: kilichomo hasa kwenye chupa iliyoandikwa "Amber"

Mpima Marashi (Makoroboi, Mwanza) aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Huu ni mwaka wa tisa tangu nianze kupima na kuuza marashi hapa Makoroboi, na sijawahi kufungua uzi kuhusu kazi yangu. Juma lililopita nilifikiwa dukani na watu wawili, siku mbili mfululizo, kila mmoja na shida yake, na nilipotulia jioni niligundua kwamba shida zote mbili zimezaliwa na neno moja tu linaloandikwa kwenye chupa: amber.

Wa kwanza alikuwa kijana mvuvi wa Ukerewe. Alivuka na kivuko cha asubuhi kutoka Nansio akiwa amefunga ndani ya kipande cha kanga bonge jeupe lenye ukubwa wa ngumi, jepesi, lenye utelezi kidogo ukiligusa, ambalo alilikuta limenasa kwenye matete. Alikuwa ameonyeshwa kwenye simu habari za wale wavuvi wa Yemen ambao mwaka 2021 walikuta ambari ya kilo 127 ndani ya mzoga wa nyangumi katika Ghuba ya Aden, wakaiuza kwa takriban dola milioni moja na nusu, naye akaamini kwamba zamu yake imefika. Nilichukua sindano ya kushonea magunia, nikaipasha juu ya moto wa spiriti mpaka ncha ikawa nyekundu, nikaichomeka. Ambari ya kweli ikichomwa namna hiyo huyeyuka ikawa utomvu mweusi unaonata, na ukiivuta sindano utomvu huo huifuata kama uzi wa lami. Bonge la kijana yule liliyeyuka likawa maji maangavu, likaganda tena jeupe pale pale, na duka zima likanuka mshumaa uliozimwa. Ilikuwa nta. Kijana hakusema neno. Alilifunga bonge lake kwa uangalifu uleule aliolifungulia, nami nikamwagizia chai, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kumpa pole.

Wa pili alikuwa mama mfanyabiashara wa vitenge, mteja wangu wa siku nyingi. Aliiweka mezani chupa ya mililita 30 niliyomchanganyia siku tatu kabla, akasema bila ukali wowote kwamba safari hii nimemuuzia maji. Nilipuliza kwenye karatasi ya kunusia, na harufu ya mbao kavu yenye chumvichumvi ikajaa mbele yangu. Nikampa karatasi ileile. Akanusa, akanusa tena, akatikisa kichwa. Nilimwita msaidizi wangu na jirani zangu wa maduka ya pembeni, jumla tukawa sita pamoja na yeye: wanne tuliisikia harufu vizuri, mmoja aliisikia kwa mbali sana, na mama yule hakusikia chochote. Hakuwa anadanganya, nami sikuwa nimemuuzia maji.

Naomba nieleze mambo haya kwa kirefu, kwa sababu naamini wengi wetu tunanunua, na wengi wetu tunauza, vitu ambavyo hatuvijui majina.

Kiswahili kimetunza tofauti ambayo lugha za Ulaya ziliichanganya zamani. Ambari ni kitu kinachotoka tumboni mwa aina moja ya nyangumi mwenye kichwa kikubwa cha mraba, ambaye wataalamu humwita *Physeter macrocephalus*. Nyangumi huyu hula ngisi, na midomo migumu ya ngisi isiyosagika humkera utumbo, ndipo mwili unapoizungushia uchafu wenye mafuta unaokua taratibu hadi kuwa bonge. Bonge hilo likitoka hukaa baharini miaka mingi, likipigwa na jua, chumvi na hewa, na ndipo harufu mbaya ya mwanzo inapogeuka kuwa ile ambayo wafalme waliinunua kwa dhahabu. Kaharabu ni kitu kingine kabisa: ni utomvu wa miti ya kale ulioganda ukawa kama jiwe la rangi ya asali, ule unaotobolewa na kutungwa kuwa tasbihi. Waarabu waliita kile cha nyangumi anbar, Wazungu wakalichukua jina hilo wakalibandika kwenye vitu vyote viwili, na Wafaransa wakalazimika kuongeza rangi, ambre ya kijivu na ambre ya njano, ili waelewane sokoni. Sisi hatukuhitaji rangi, maana tulikuwa na majina mawili tayari.

Sasa, chupa nyingi zilizoandikwa "Amber" hazina ambari wala kaharabu. Zina kitu cha tatu, yaani mchanganyiko wa viungo vitamu: labdanamu, ambayo ni utomvu wa kichaka cha *Cistus* kinachoota kandokando ya Bahari ya Mediterania; benzoini, ambayo ni utomvu wa miti ya Asia; na vanila. Mchanganyiko huo ni mzito, wa joto, una utamu unaokaribia asali iliyoungua. Wapo watu wanaoupenda wakidhani ni harufu ya kale isiyoguswa na maabara, kumbe vanilini yake, yaani kile kinachoipa vanila harufu, ilishatengenezwa maabara Ujerumani mwaka 1874 na Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, na Shalimar ya Guerlain ya mwaka 1925, ambayo wengi huitaja kama mama wa marashi ya namna hii, ilisimama juu ya ndugu mwenye nguvu zaidi wa vanilini hiyo, etili vanilini. Utamu huo umepitia mikononi mwa wakemia tangu enzi za mababu zetu.

Kitu cha nne ndicho kilichomletea shida mteja wangu, na ndicho nilichokusudia kukieleza hasa: viungo vya maabara vinavyofuata nyayo za ile ambari ya nyangumi. Mwaka 1946 wakemia walilitambua umbo la ambreini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ambari. Ajabu ni kwamba ambreini yenyewe haina harufu. Inapovunjwavunjwa na hewa na jua ndipo inapozaa vitu vyenye harufu, na kilicho muhimu kuliko vyote ni ambroksidi. Mwaka 1950 wakemia wawili wa kampuni ya Firmenich huko Geneva, Max Hinder na Max Stoll, waliitengeneza ambroksidi bila kumgusa nyangumi. Walianza na sklareoli, inayopatikana kwenye mmea wenye maua ya zambarau unaoitwa *Salvia sclarea*. Kampuni hiyo iliiita Ambrox. Ile mnayoisikia zaidi leo, Ambroxan, ni jina la biashara la kampuni nyingine kwa kitu hichohicho.

Ninayo dukani, kwenye chupa ya kahawia yenye kifuniko cheusi. Ni fuwele nyeupe, ndogo, zinazong'aa kama chumvi ya mawe iliyotwangwa nusu. Ukiinusa chupa ikiwa wazi unaweza kudhani haina kitu. Mimi huzipima gramu moja kwenye mizani ya vito, naziyeyusha ndani ya gramu tisa za spiriti, kisha nadondosha tone moja kwenye karatasi na kuiacha hadi kesho yake. Kesho yake ndipo inaposema. Ni harufu kavu, ya ngozi iliyokaa juani, ya mbao zilizooshwa na maji ya chumvi, yenye utamu kidogo sana kwa chini. Wiki inayofuata karatasi ile bado inanuka, wakati karatasi ya limau ya siku ileile ilishakufa kabla sijafunga duka.

Naomba niishie hapa kwanza nisikie maoni. Msimamo wangu nauweka wazi: kiungo cha maabara si kiungo feki. Feki ni maneno ya anayekiuza akisema kimetoka kwa nyangumi.

Bint wa Pangani aliandika:

Ndugu Mpima Marashi, nimekusoma kwa makini na nashukuru kwa elimu. Hata hivyo naomba nipingane nawe kwa heshima. Mimi nimezaliwa pwani, na babu yangu alikuwa na kipande cha ambari ndani ya kijisanduku cha fedha, kisichozidi ukubwa wa kokwa ya tende. Siku ya Idi alikuwa akikisugua kidogo kwa kidole na kujipaka nyuma ya masikio. Nimenusa hizo Ambroxan zenu za Dubai na za Ulaya. Ni safi mno, zinanuka kama shati lililotoka dobi. Ile ya babu ilikuwa na zizi, na tumbaku, na mwani uliooza kidogo, na bado ilikuwa nzuri kiasi kwamba watoto tuligombania kukaa karibu naye. Huwezi kuniambia kwamba kitu kimoja kutoka kwenye chupa ya kahawia ni sawa na kile.

Mpima Marashi aliandika:

Dada yangu, sikusema ni sawa, na ninafurahi umelileta hili mapema. Ambari ya babu yako ilikuwa na mkusanyiko wa vitu vingi vilivyozaliwa kwa miaka ndani ya bonge moja. Ambroksidi ni mmoja wao tu, ingawa ndiye anayebeba mzigo mkubwa. Hilo zizi na tumbaku unavyovitaja ni wanafamilia wengine, na anayenunua Ambroxan akidhani amepata ambari nzima amepata mtu mmoja wa ukoo. Hapo tunakubaliana.

Ninachokataa ni kuiita hii ya maabara uchafuzi au udanganyifu. Pwani yetu imesifiwa kwa ambari tangu zamani. Al-Mas'udi, aliyesafiri katika bahari hii karne ya 10, aliisifu ambari ya nchi ya Zanji. Lakini hata wakati huo ilikuwa ni mali ya watu wachache sana, kwa sababu si kila nyangumi anayeibeba, na bahari haitoi kwa ratiba. Fikiria leo. Kwa siku moja ya mwisho wa mwezi ninaweza kuwahudumia watu arobaini wanaotaka harufu ya namna hii, na Makoroboi pekee ina wapima marashi wangapi, na Mwanza ni mji mmoja tu. Nyangumi hawa waliwindwa kwa maelfu kwa maelfu hadi nchi wanachama wa tume ya kimataifa ya uvuvi wa nyangumi walipoamua mwaka 1982 kuusimamisha uwindaji wa biashara, uamuzi ulioanza kutekelezwa 1986. Mmea wa *Salvia sclarea* hulimwa, huvunwa, na hupandwa tena. Siku hizi kuna njia nyingine pia: kampuni ya Givaudan huanza na sukari ya miwa, zao lilelile tunaloliona Kagera, ikachachushwa na hamira maalumu hadi itoe mafuta fulani, kisha kimeng'enya kikamalizia umbo la ambroksidi. Mimi sioni aibu yoyote katika kumwambia mteja kwamba harufu aliyovaa imeanzia shambani kwenye miwa.

Ukienda Pangani, dada, na kama kijisanduku kile bado kipo, ninusie na mimi.

Mwalimu wa Kemia, Nyegezi aliandika:

Nampongeza mleta uzi, kwa kuwa maelezo yake kwa sehemu kubwa yako sahihi, nami nitaongeza mambo mawili na kurekebisha moja.

La kwanza ni kwa nini karatasi ya ambroksidi inadumu wiki wakati ya limau inakufa siku hiyohiyo. Limonini, inayoipa limau harufu yake, ina uzito wa molekuli wa 136 hivi; ambroksidi, ambayo fomula yake ni C16H28O, ina 236. Molekuli nzito huondoka kwenye ngozi polepole. Uzito peke yake hautoshi kueleza kila kitu, lakini kwa msomaji wa kawaida unatosha kuanza nao.

La pili ni habari ya yule mama wa vitenge. Tusichanganye mambo mawili. Pua ikikaa na harufu moja kwa muda huacha kuitangaza, kama vile mtu anayeishi karibu na mashine ya kusaga asivyosikia tena mngurumo wake. Huko ni kuzoea, na mtu akitoka nje akapumzika hisia hurudi. Jambo jingine ni kutoisikia kabisa harufu fulani tangu mwanzo, huku ukizisikia nyingine zote vizuri. Hilo linatokana na vipokezi vya puani, ambavyo hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa kurithi. Molekuli kubwa za miski na za kundi hili la ambari zinajulikana sana kwa kuwapita watu namna hiyo. Mama yule hana ugonjwa.

Rekebisho langu ni hili: si kila kinachouzwa kwa sifa ya ambari kimo ndani ya ambari. Ambroksidi imo. Lakini Iso E Super, ambayo naamini ilikuwamo kwenye chupa ile, haijawahi kupatikana kwa nyangumi wala kwenye mmea. Ni kitu kilichozaliwa maabara. Na hata ndani ya ambroksidi kuna tofauti: ile inayotokana na sklareoli ina umbo moja tu, lilelile la asili, wakati Cetalox ya Firmenich ina maumbo mawili yanayotazamana kama mkono wa kulia na wa kushoto.

Mpima Marashi aliandika:

Shikamoo Mwalimu. Umenisaidia, na umebahatisha kweli: chupa ya mama yule ilikuwa na Iso E Super kwa wingi, na Ambroxan kidogo nyuma yake.

Kwa wasioijua, Iso E Super ni kimiminika kisicho na rangi, chepesi kumiminika, kilichotoka kwenye maabara ya kampuni ya IFF nchini Marekani mwaka 1973, kazi ya John Hall na James Sanders. Harufu yake ni ya mwerezi laini wenye ambari kwa mbali. Wapo wanaosema si harufu bali ni hewa inayomzunguka mtu. Iliwekwa kwa wingi kwenye Fahrenheit ya Dior ya mwaka 1988, na mwaka 2006 mtengenezaji wa Kijerumani, Geza Schoen, aliiweka peke yake ndani ya chupa na kuiita Molecule 01. Wateja wengi duniani waliinunua wakalalamika vilevile alivyolalamika mteja wangu: hakuna kitu humu. Wengine walisimamishwa barabarani na kuulizwa wamepaka nini.

Na sehemu ninayoipenda zaidi ni hii. Iso E Super si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa maumbo yanayofanana, na umbo lililo jingi zaidi ndani yake lina harufu dhaifu. Kinachobeba harufu ni umbo jingine lililomo kwa kiasi kidogo tu, lenye nguvu mara nyingi mno kuliko lile jingi. Nilipolijua jambo hili nilielewa kwa nini mafuta ya wasambazaji wawili, yenye jina lilelile kwenye dumu, yanaweza kunuka tofauti puani mwangu.

Mimi mwenyewe naisikia kwa dakika kama kumi, kisha inanipotea. Kwa hiyo sipimi chupa yoyote yenye kiungo hiki bila msaidizi wangu, ambaye pua yake haichoki nayo. Nampa karatasi mbili bila kumwambia ipi ni ipi, na akisita, sifungi chupa.

Mama Dagaa, Mwaloni aliandika:

Wanangu, mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, na nimesoma uzi huu wote kwa sababu mmenieleza jambo lililonitokea. Mtu wa biashara ya samaki akipanda daladala watu humsogea pembeni, kwa hiyo nilinunua pafyumu ya kuficha harufu ya kazi. Asubuhi nilijipulizia mara mbili, nikaona haisikiki. Nikaongeza mara tatu. Kufika saa nne nikaongeza tena. Wateja wangu walianza kukohoa. Mmoja, mwanamke mwenzangu, aliniambia kwa upole kwamba harufu yangu ameianza kuisikia tangu kwenye lango. Mimi siku hiyo nzima sikusikia kitu zaidi ya dagaa. Nilimlaumu aliyeniuzia. Sasa naomba kuuliza: nitajuaje kiasi kinachotosha kama pua yangu mwenyewe hainiambii?

Mpima Marashi aliandika:

Shikamoo mama yangu. Swali lako ndilo kiini cha kazi, na ninaomba radhi kwa niaba ya sisi wauzaji, kwa sababu aliyekuuzia alipaswa kukueleza kabla hujatoka dukani.

Pulizia mara mbili, moja kifuani chini ya nguo na moja kwenye mtandio, kisha usiongeze siku hiyo hata ukiona imepotea. Kesho yake mpe mtandio ule mtu ambaye hakuwa nawe jana, mwulize kama unanuka. Hiyo ndiyo pua yako. Ukijipima kwa pua inayofanya kazi katikati ya dagaa, utaongeza hadi chupa iishe, maana hapo pua imezoea marashi na imezidiwa na samaki kwa wakati mmoja. Na mikono ioshe kwa ndimu kabla ya marashi. Asidi ya ndimu huikamata harufu ya samaki isiruke, lakini marashi huipanda juu tu, na vyote viwili vikabaki.

Kuhusu wateja kukohoa, hapo nina shaka na kilichokuwamo. Kuna kundi la viungo vya maabara ambavyo ni vya mbao na ambari lakini vikali kupita kiasi. Norlimbanol ya Firmenich, Ambrocenide ya Symrise na Amber Xtreme ya IFF ni baadhi yake. Wasambazaji wengi huviuza vikiwa vimeshayeyushwa hadi asilimia kumi, na hata moja, kwa sababu tone zima likianguka kwenye chupa ya mililita 50 limeiharibu. Mkono ukiwa mwepesi, hutoa nguvu na kufika mbali. Mkono ukiwa mzito, hutoa harufu ya chuma kilichochomwa ambayo hupanda hadi kwenye paji la uso. Pafyumu nyingi za bei ya chini zinazoiga Sauvage au Baccarat Rouge 540, zote mbili za mwaka 2015 na zote zikiwa na ambroksidi inayosikika waziwazi, hukosa mizania ya zile asilia zilizoigwa, ndipo mwigaji anapojazia kiungo kikali ili mteja aseme "inakaa". Sisi wateja na wauzaji tumejifundisha vibaya kuuliza swali moja tu, inakaa au haikai.

Bint wa Pangani aliandika:

Na usalama je? Tunaambiwa kila siku kwamba vya asili ni salama na vya maabara vina madhara.

Mwalimu wa Kemia, Nyegezi aliandika:

Asili si hati ya usalama, dada. Mafuta ya mdalasini ni ya asili na huunguza ngozi. Kwa upande wa pili, kuna kiungo cha kundi hilo la mbao kali, Karanal, ambacho mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulikiingiza kwenye orodha ya kemikali za kutiliwa mashaka makubwa, kwa sababu hakiozi na hujilimbikiza kwenye viumbe. Kwa mtu anayeishi kando ya ziwa ambalo maji ya kuogea ya mji mzima hurudi humo, sababu hiyo si ya kupita juu juu. Iso E Super nayo imeingizwa na kanuni ya Ulaya ya 2023 kwenye orodha ya viungo vya manukato vinavyotakiwa kutajwa kwenye lebo, kwa kuwa wapo wachache ambao ngozi zao huikataa. Kwenye boksi huandikwa Tetramethyl Acetyloctahydronaphthalenes. Ukiliona jina hilo refu usiogope, ni hiyohiyo.

Mkerewe wa Nansio aliandika:

Wakuu, kijana wa bonge la nta ni mdogo wangu. Nimetambua habari yake humu, na namshukuru mleta uzi kwa kutomcheka. Nina swali la dhati. Duka moja mjini lilikuwa na chupa iliyoandikwa kwa Kiswahili "Ambari asilia ya nyangumi", kwa bei ya soda nne. Chupa hiyo ndiyo iliyomfanya mdogo wangu aamini kwamba ambari ipo ipo tu na wanunuzi wapo. Je, inawezekana?

Mpima Marashi aliandika:

Kaka, haiwezekani. Kwa bei hiyo hulipii hata gari la kuisafirisha ambari halisi. Na kabla ya bei kuna jiografia: nyangumi ni wa bahari, na ziwa letu ni la maji baridi, lipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Bonge lolote litakalookotwa kati ya Ukerewe, Musoma na Bukoba litakuwa nta, mafuta yaliyoganda, sabuni au kitu kingine, lakini halitakuwa ambari. Tafadhali waambie vijana wa mwaloni wenu, maana najua wapo wengine wanaotafuta kwenye matete sasa hivi badala ya kushona nyavu.

Na mimi nina la kukiri, kwa sababu siwezi kulaumu duka hilo nikanyamaza kuhusu langu. Miaka yangu ya mwanzo nilinunua kwa msambazaji mmoja wa jumla dumu la lita moja la mafuta yenye lebo kama hiyohiyo. Niliamini. Niliwauzia watu kwa miezi mitatu nikiapa kwamba ni ya nyangumi, hadi siku nilipopata sampuli ya Ambroxan na kuziweka karatasi mbili pamoja. Zilikuwa kitu kimoja, isipokuwa ya dumu ilikuwa imeongezewa vanilini. Mafuta hayakuwa mabaya. Niliyabandua lebo, nikaandika kwa mkono "ambari ya maabara na vanila", nikashusha bei, nikawapigia wale niliokuwa na namba zao. Wengi walisema wataendelea kununua. Wawili walitaka fedha zao, nikawarudishia, na walikuwa na haki.

Tangu siku hiyo sijaandika "amber" kwenye chupa yoyote. Naandika "utamu wa labdanamu na vanila", au "ambari ya maabara", au "mbao kavu, kali". Wenzangu wa Makoroboi naowaheshimu wanajua nimewaomba wafanye hivyo pia, na wapo ambao wameanza. Vipodozi, yakiwamo manukato, viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, lakini lebo ya kichupa cha kupima cha mililita tano huandikwa na mkono wa muuzaji, na ni mkono huo ninaouomba.

Mdogo wako akija mjini apite dukani. Nta ile ni safi na haina harufu mbaya; fundi wa mishumaa wa hapa jirani ameniambia atainunua kwa uzito.

Mama Dagaa, Mwaloni aliandika:

Na yule mwenzangu wa vitenge, mlimalizaje?

Mpima Marashi aliandika:

Nilimpangia karatasi nne mezani bila majina, namba tu: labdanamu na vanila, Ambroxan peke yake, Iso E Super peke yake, na moja kati ya zile kali ikiwa imeyeyushwa hadi asilimia moja. Namba tatu hakuisikia kabisa. Namba nne aliisukuma mbali. Namba mbili aliinusa muda mrefu akiwa amefumba macho, akasema inanuka kama begi la ngozi la marehemu baba yake. Nikamchanganyia upya kwa hiyo, pamoja na waridi kidogo, bila malipo.

Chupa ya kwanza aliomba aondoke nayo vilevile. Binti yake wa kidato cha pili, ambaye alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo akimsubiri, ameisikia tangu siku ya kwanza.